Nyanya za Kuazima

Miaka yote niliyofanya kazi ya kilimo watu waliniita Bwana Shamba, na mimi ni mwanamke mwenye watoto watatu. Mwanzoni nilikuwa nikiwasahihisha. "Mimi si bwana, niite Madam, ama Mama Kendi." Mzee anaitikia vizuri kabisa, "Sawa, Mama Kendi," halafu anageuka na kumwita mke wake aliye jikoni: "Leta kiti, Bwana Shamba amefika!" Nikaacha. Nikawa Bwana Shamba kwa wote, hata kwa mchungaji wa kanisa letu.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani hapa Kanyakine. Ninyi maafisa wa kilimo mlioajiriwa juzi nasikia mna simu zinazopima shamba, na ukipiga picha ya mdudu simu inakutajia jina lake. Vizuri sana. Sisi tulipima kwa hatua za miguu, na kwa vile mimi ni mfupi, mashamba yote niliyopima yalitoka makubwa kuliko yalivyo. Wenyewe walifurahi.

Sina haja ya kuwafundisha mambo ya simu. Nataka kuwaeleza habari za ruzuku, ule msaada wa serikali ambao mkulima hapaswi kuurudisha, kwa sababu najua mtapewa fomu zake muwasaidie watu kujaza. Mimi nilizijaza nyingi. Kuna moja niliijaza vibaya, ingawa ilikuwa na Kiingereza kizuri kuliko zote.

Lakini kwanza niwaambie habari za Mzee Njeru, ndiye aliyenifunza kazi. Nilianzia Embu, upande wa Runyenjes, wakati ambapo kaunti hazijaundwa na sote tulikuwa watu wa serikali kuu. Mzee Njeru alikuwa mkubwa wangu. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, na katika mfuko wake wa bega alibeba vitu viwili tu: kisu kidogo na glasi ya kunywea maji iliyofungwa kwa kitambaa. Nilidhani anapenda kunywa maji safi.

Wiki yangu ya kwanza nilimsomesha mama mmoja juu ya matandazo. Nilimweleza jinsi mabua ya mahindi yakitandazwa shambani yanavyotunza unyevu na kuzuia mmomonyoko, nikasema kila kitu nilichosoma chuoni. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru sana. Tulipotoka, Mzee Njeru akaniuliza, "Umeona ng'ombe?"

"Ng'ombe gani?"

"Yule aliyefungwa nyuma ya nyumba. Anakula nini?"

Nilirudi kuchungulia. Alikuwa anakula mabua ya mahindi. Yule mama asingeweza kutandaza hata bua moja bila kumnyima ng'ombe chakula, na hakutaka kuniaibisha.

Baada ya hapo Mzee Njeru akanipa desturi yake. Ukifika kwa mkulima, usikimbilie shambani. Omba maji ya kunywa, upate kukaa karibu na jiko, uulize jana walikula nini. "Ukimuuliza mtu anataka nini," alisema, "atakuambia kile anachofikiri umekuja nacho. Lakini chakula cha jana hawezi kukibuni." Nikafanya hivyo kwa miaka mingi, na nikaiona faida yake. Basi msidhani makosa yangu yalitokana na kutojua. Nilijua.

Baadaye nilihamishiwa kwetu Imenti Kusini, na nilipopewa eneo la chini, Mitunguu, ilikuwa tayari ni enzi za kaunti. Mitunguu mnaijua kwa ndizi. Maji yanateremshwa kwa paipu kutoka juu, jua ni kali, na mikungu ya ndizi inapakiwa kwenye malori kila siku ya Mungu. Ukipita barabarani utadhani hapo hakuna shida ya chakula.

Siku moja muuguzi wa zahanati, tuliyemwita Sista Gakii, aliniita ndani. Palikuwa na foleni ya akina mama na watoto. Alimshika mtoto mmoja, akavuta ukope wa chini kwa kidole. Ndani palikuwa peupe.

"Damu hakuna," akasema. "Ni ndizi na chai, ndizi na chai. Mboga ni mpaka siku ya soko, na hiyo ni kama kuna pesa. Mimi nikitoa dawa wanapona, halafu wanarudi. Wewe ndiye mtu wa kilimo. Utafanya nini?"

Mwezi huohuo ofisini kulikuja tangazo la ruzuku mpya, ya vikundi vya kilimo endelevu na lishe bora. Nikaona Mungu amejibu haraka. Nilijua kikundi cha kuomba: wanawake kumi na wanane waliokuwa wakikutana kila Alhamisi katika jiko la kanisa. Mwenyekiti wao alikuwa Mama Mwenda, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Mkubwa kuliko wote kwa umri alikuwa Cucu Nkatha, na kama hamjui, cucu ni nyanya, mama ya mama yako. Cucu Nkatha hakusoma, alizungumza Kimeru, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia chumvi.

Niliwauliza wanataka nini. Cucu Nkatha ndiye aliyejibu kwanza.

"Nataka mboga mahali ninapoweza kufika na hili goti."

Wengine wakacheka, lakini wakaendelea hapohapo. Walitaka mboga karibu na jiko. Terere, managu, kunde. Walitaka tangi dogo la maji, mbegu, na wavu wa kuzuia kuku. Shamba lote lilikuwa la ndizi, na ndizi zilikuwa za mwanamume, na mwanamume hakubali mgomba ung'olewe kwa sababu ya terere.

Mnaona? Nilipewa jibu la Sista Gakii likiwa limepikwa na kupakuliwa. Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Hiyo ni ndogo sana. Serikali inataka kitu cha kuonekana."

Niwaambie ukweli wa moyo wangu siku ile. Afisa mwenzangu wa eneo jirani alikuwa amepatia kikundi chake chumba cha kuhifadhia maziwa baridi, na picha yake ilikuwa imetundikwa ukutani ofisini, amesimama na wakubwa. Kila asubuhi nilipita mbele ya ile picha nikienda kutia sahihi ya kufika kazini. Kwa hivyo kwenye fomu niliomba nyumba ya nailoni, zile nyumba ndefu za kukuzia nyanya, pamoja na paipu za kumwagilia kwa matone. Niliandika kwamba wanawake wenyewe ndio walioipendekeza. Nikawasomea upesi upesi, nikitafsiri huku nikifunua kurasa, wakaweka sahihi. Cucu Nkatha akaweka dole gumba.

Ruzuku ikatoka. Fundi alipokuja na lori la vyuma alitafuta mahali tambarare karibu na barabara, tukampa kipande cha ardhi ya kanisa. Cucu Nkatha alikuwa ameketi ukingoni, anatazama. Aliniita.

"Hapo ndipo nyanya za Kaberia zilipokufa."

Kaberia alikuwa jirani, mkulima hodari wa nyanya. Zamani alikodi kipande kile, kisha akahamia ng'ambo ya mfereji.

"Za Kaberia zilikuwa nje, Cucu," nikamwambia. "Hizi zitakuwa ndani."

Vijana, udongo haujui kama uko ndani au nje.

Nyanya ziliota vizuri sana. Zilipanda kwenye kamba mpaka zikapita kichwa changu, ingawa hilo si jambo kubwa. Tukapiga picha. Kisha siku moja saa sita mchana, mche mmoja ukalala majani, kijani kabisa, kama mtu aliyesinzia. Kesho yake ilikuwa mitano. Mama Mwenda akasema ni kiu, wakaongeza maji. Ikawa mstari mzima.

Hapo nikaikumbuka glasi ya Mzee Njeru. Hakuwa akinywea maji. Chukueni hili, litawasaidia: ukiona nyanya imenyauka bila kuwa ya manjano, kata kipande cha shina karibu na mizizi, kiweke kining'inie kwenye glasi ya maji safi, utulie kidogo. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unateremka kutoka kwenye kidonda, huo ni mnyauko wa bakteria. Hakuna dawa ya kunyunyiza. Unakaa kwenye udongo miaka, na maji unayomwaga ndiyo yanayoubeba hadi mche wa jirani. Nilikata shina mbele ya wanawake, nikaliweka kwenye glasi ya chai niliyoazima jikoni. Uzi ukateremka. Nilikuwa nimeleta nyumba ya nailoni juu ya kaburi la nyanya, na nilikuwa nimeambiwa.

Tuling'oa zote, tukachoma. Nyumba ikabaki tupu, nailoni inapigwa na upepo. Wanaume waliokuwa wakipita walikuwa wakiuliza kama ni kanisa jipya.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa ni hasara tu, na hasara za shamba hutokea. Lakini ikaja barua kwamba watu wa ile ruzuku wanatembelea vikundi kuona maendeleo. Mkubwa wangu wa wakati ule alinipigia simu. "Madam, wageni wasikute nailoni tupu. Sitaki kujua utafanya nini."

Tukakutana jikoni kwa kanisa. Mmoja akasema tuwaambie ukweli. Mama Mwenda akakataa. "Tukisema imekufa, tutaandikwa kwamba sisi ni wanawake wa kuharibu. Hawatatupatia kitu kingine mpaka tufe." Kisha akasema polepole, "Kaberia ana nyanya zimeiva."

Wote wakanitazama mimi. Ningesema hapana, ingekuwa hapana. Badala yake nikaanza kuwaeleza jinsi ya kuhamisha mche mkubwa wa nyanya bila kunyauka. Umwagilie jana yake jioni. Uchimbe alfajiri, na udongo mwingi kuzunguka mizizi. Upunguze majani ya chini. Niliyajua yote hayo vizuri, na niliyaeleza kwa ufasaha, mtu angedhani ni semina.

Cucu Nkatha alisikiliza, akasema, "Mimi uongo siwezi. Lakini kunyamaza naweza."

Basi alfajiri ya siku ya wageni tukavuka mfereji. Kaberia alitukopesha miche ishirini na kitu, ile ya mwisho wa mavuno ambayo hata ikifa haimuumizi, lakini yenye matunda mekundu bado. Akatuambia jioni matunda anayataka. Tukaipanda mstari wa mbele, tukaifunga kwa kamba. Ukisimama mlangoni ilipendeza.

Wageni walikuwa watatu. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke wa makamo anayeitwa Bi Wanja, mtaratibu, mwenye viatu vya kazi vilivyokwisha kukanyaga matope ya kila namna. Nilipoviona tu, nikajua huyu analijua shamba. Alisimama mlangoni, akatazama mstari wa mbele, akatazama nyuma kulikokuwa tupu. Hakuuliza. Jua lilikuwa limeshapanda, na mle ndani ni kama tanuri. Ncha za majani zilikuwa zimeanza kulegea. Wanawake wakaimba, Mama Mwenda akasoma hotuba.

Kisha Bi Wanja akapita watu wote, akaenda moja kwa moja kwa Cucu Nkatha, akamwinamia.

"Cucu, hizi nyanya zimewasaidiaje huko nyumbani?"

Nikatafsiri. Cucu Nkatha alikaa kimya kama alivyoahidi. Bi Wanja naye akangoja, mkono juu ya bega lake, bila haraka. Ilikuwa ni kungoja kwa heshima sana. Nadhani huko ndiko kulikomshinda Cucu. Akafungua kinywa, akasema kwa Kimeru, wazi na polepole:

"Mwambie hazijatusaidia kitu. Ni za Kaberia. Jioni anazitaka."

Macho yote yakaja kwangu. Nikasema, "Anasema... anaishukuru serikali kwa msaada."

Bi Wanja akanitazama. "Maneno yale yote, kwa Kiswahili yamekuwa haya tu?"

Kabla sijajibu, Cucu Nkatha akaniwekea mkono mbele ya kifua kama anayezuia ng'ombe asitoke zizini, akasema kwa kile Kiswahili chake cha kununulia chumvi:

"Hapana. Mimi hapana sema hiyo."

Bi Wanja akasema kwa sauti ya chini, "Madam, mimi ni wa Embu. Kimeru chenu sikijui chote. Lakini kuna jina la mtu nimelisikia, na wewe hukulitaja."

Nikainama, nikashika mche wa kwanza, nikauvuta. Ukatoka na bonge lake la udongo, mzima mzima. Nikasema, "Ni za Kaberia. Tumeziazima asubuhi. Zetu zilikufa kwa mnyauko, na mahali hapa nilionywa nikakataa kusikia. Na hii nyumba wao hawakuiomba. Niliiomba mimi."

Mama Mwenda akatoka nje.

Sitawadanganya kwamba ukweli ulitupatia zawadi. Kikundi kilitolewa kwenye orodha ya ruzuku iliyofuata, kama vile Mama Mwenda alivyoogopa. Mimi nikapewa barua ya onyo, na haukupita muda nikahamishiwa Laare, kule Nyambene. Sista Gakii aliposikia, hakunigombeza. Alisema tu, "Na watoto?" Heri angenigombeza.

Kabla ya kuhama nilikwenda kwa Cucu Nkatha kuomba msamaha. Nilimkuta mlangoni anapepeta maharagwe. Aliniletea uji, akaniacha niseme yote, mpaka nikalia.

"Mimi sikukasirika kwa ajili ya nyanya," akaniambia. "Hata za Kaberia zilikufa, na yeye ni fundi. Nilikasirika ulipoweka maneno yako ndani ya mdomo wangu. Mara ya kwanza ulifanya kwa karatasi, sikujua kusoma. Mara ya pili ulifanya nikiwa nakusikia."

Uji ule nilishindwa kuumaliza.

Laare ni mahali pa kumnyoosha mtu wa mboga. Miraa imejaa mpaka ukutani kwa nyumba. Niliposimama sokoni kuzungumzia sukuma wiki, kijana wa bodaboda mwenye vifurushi vya miraa mgongoni aliniuliza kama nimepotea njia. Lakini nilikuwa nimepata adabu. Nilirudia desturi ya Mzee Njeru: maji ya kunywa, jiko, jana mlikula nini. Na katika jiko moja nikamkuta mama anayeitwa Kathambi, ambaye hakuwa na hata hatua moja ya ardhi isiyokuwa na mti wa miraa, naye alikuwa anakula mboga zake kila siku. Alikuwa anazipanda kwenye magunia.

Wengi hupanda kwenye magunia na yanakauka katikati. La Kathambi halikuwa linakauka, na mimi, mwenye cheti, nilikaa chini akanifundisha. Unachukua mkebe mkubwa uliotolewa kitako, unausimamisha katikati ya gunia. Ndani ya mkebe unajaza kokoto, nje yake udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi iliyooza. Kisha unauvuta mkebe juu kidogo, unajaza tena, unauvuta, mpaka juu. Mwishowe una nguzo ya kokoto ndani ya gunia, na maji ukimwaga hapo yanashuka hadi chini yakigawanyika. Unatoboa ubavuni, si kwa mstari bali kwa kupishana, na kila tundu unaweka mche. Mbegu za terere ni ndogo mno, changanya na mchanga kabla ya kumwaga, la sivyo zitaota zote mahali pamoja kama nywele.

Nilipopata siku zangu za mapumziko nilishuka Mitunguu na magunia matano na mkebe. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa. Nilipofika kwenye ardhi ya kanisa, ile nyumba haikuwepo. Nilidhani imeibwa. Kumbe wanawake waliibomoa wenyewe. Vyuma walivigeuza kuwa meza ndefu za wavu nyuma ya jiko la kanisa, na nailoni wameitandaza juu yake kwa mwinamo. Chini yake wanaanika majani ya kunde. Yakikauka yanawekwa ndani ya mitungi, yaliwe wakati wa kiangazi. Na terere ilikuwa imeota kando ya kila mlango, kidogo kidogo, ndani ya makarai yaliyotoboka na ndoo kuukuu. Mbegu zilitoka kwa Cucu Nkatha, aliyekuwa amezifunga kwenye kitambaa tangu mavuno ya mwaka uliopita.

Sikuwa nimewafundisha hata kimoja katika hayo. Sista Gakii alikuwa anawaelekeza kwao akina mama kutoka zahanati, na wao wanawapa mbegu na kuwaonyesha.

Mama Mwenda alinisalimia kwa mkono tu. Nikawaonyesha gunia la Kathambi. Nilipomaliza, aliuliza swali moja tu: "Kokoto za mto zinafaa?" Nikasema zinafaa. Akachukua mkebe akaondoka nao, na mpaka leo sijarudishiwa.

Nilistaafu nikiwa bado Laare. Nilikuwa nimerudi nyumbani miezi michache hivi pale Kawira, mke wa mtoto wa Mama Mwenda, aliponipigia simu. Ruzuku nyingine ilikuwa imetangazwa, na sasa walikuwa wanaruhusiwa kuomba. Fomu ilikuwa ya Kiingereza. "Mama amesema uje utusomee maswali," akasema, kisha akashusha sauti. "Ati usome tu. Majibu tutaandika sisi."

Nikaenda. Tulikaa jikoni kwa kanisa, wanawake wote pamoja na Sista Gakii. Mimi nasoma swali, nalitafsiri kwa Kimeru, wao wanabishana, Kawira anaandika kwa Kiswahili, kwa kalamu ya buluu. Waliomba tangi. Waliomba wavu wa kuzuia kuku, mbegu za kienyeji, magunia, na meza nyingine mbili za kukaushia, ili shule ya msingi ipate mboga ya kutia kwenye githeri, yale mahindi na maharagwe wanayopikiwa watoto. Ndizi za wanaume hazikuguswa. Kila mara ulimi wangu uliwasha kuongeza neno la kupendeza, na kila mara nilikunywa chai.

Swali la mwisho lilikuwa: mradi ukikwama, kikundi kitafanya nini? Nikawasomea. Mimi ningejaza ukurasa. Wanawake walitazamana, kisha Cucu Nkatha, ambaye siku hizo goti lilikuwa limemfanya atembee kwa fimbo mbili, akamwambia Kawira aandike.

"Andika: Ulishakwama. Tulibomoa, tukatengeneza kingine."

Kawira akaandika hivyohivyo. Nafasi iliyobaki chini wakaiacha wazi, na fomu ikaenda ikiwa hivyo.

Walipewa. Si vyote, lakini tangi walipewa, na wavu, na mbegu. Siku vilipoletwa nilikuwepo, nimeketi kwenye kivuli cha migomba pamoja na wanawake wengine tukimenya maharagwe mabichi kwa ajili ya chakula cha mchana. Dereva wa lori alishuka na karatasi zake, akamtafuta wa kutia sahihi. Mama Mwenda akamtajia viongozi mmoja mmoja: huyu katibu, huyu mweka hazina, huyu Cucu wetu wa mbegu, huyu Sista wa zahanati. Dereva akanielekezea kalamu.

"Na huyu mama, yeye ni nani?"

Mama Mwenda alinitazama. Nilishusha macho kwenye maharagwe yangu, kwa sababu sikujua atasema nini.

"Huyu ni wa hapa," akasema. Akasogeza karai lingine la maharagwe, akaliweka mbele yangu.